Guangzhou: kimbunga kinapiga hodi, mvua ya Mei haipigi hodi (uzi kwa wanaofuata mzigo)

#1 Robota (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila ikifika mwezi wa pili simu yangu inajaa meseji za watu wanaojiandaa na maonesho ya biashara ya Canton, pale Guangzhou, ya Aprili. Swali ni lile lile: "Kaka, nibebe nini?" Nawajibu: kandambili za mpira na mifuko mikubwa ya nailoni. Wengi wanadhani natania. Wanapanda ndege na viatu vya ngozi vya kutokea harusini, wanarudi navyo vimeota ukungu.

Nimekaa Guangzhou miaka tisa, mingi yake mtaa wa Xiaobei, kabla sijarudi Kariakoo. Katika miaka hiyo mzigo wangu umeharibika mara mbili kwa sababu ya hali ya hewa, na mara zote mbili hakukuwa na kimbunga chochote. Ndiyo maana naandika. Mtu wetu akisikia habari za hali ya hewa ya kusini mwa China anawaza upepo wa kung'oa mapaa. Mimi kilichonilia mtaji ni maji, tena yale ambayo hayakutangazwa.

Kwa ufupi, Tropiki ya Kansa inapita kwenye jiji hilo hilo, upande wa kaskazini kule Conghua. Wakati wa baridi upepo unashuka kutoka bara, mkavu na wenye ubaridi. Ikianza joto upepo unageuka, unatoka Bahari ya China Kusini umebeba unyevu wa kutosha. Mvua ya mwaka mzima inapita milimita 1,700, wakati Dar tunapata kama 1,100. Na sehemu kubwa inamwagika kati ya Aprili na Septemba, kwa mafungu mawili: Aprili hadi Juni ni mvua zenyewe, Julai hadi Septemba ni vimbunga. Maonesho ya Aprili yameangukia mwanzoni kabisa mwa fungu la kwanza.

Nitaweka vipande vipande, nina wateja dukani.

#2 Chapa Mguu

Nimevuta kigoda. Endelea mkuu.

#3 mama Kandambili

Jina langu na ushauri wako vimekutana, hahaha. Kaka Robota mimi naenda tarehe 10 mwezi wa nne, mara ya kwanza, nafuata viatu vya kike na mikoba. Usiniache njiani.

#4 Robota

Dada, viatu na mikoba ndiyo hasa mzigo wa kuogopewa, kwa hiyo naanza na wewe.

Kati ya Februari na Aprili kuna siku wenyeji wanaziita huinantian. Ukilifasiri neno kwa neno unapata kitu kama "siku za kusi kurudi". Jengo limepoa wiki nzima kwa baridi, sakafu na kuta za zege zimekuwa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Halafu usiku mmoja upepo wa kusini unaingia, wa moto na wenye maji maji. Ukiamka ukuta unatoka jasho. Simaanishi unyevu wa kugusa kwa kidole, namaanisha matone yanatambaa kutoka juu mpaka chini, ngazi zinateleza, kioo cha bafuni hakionyeshi uso, na shati ulilofua juzi bado bichi linanuka.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nimekusanya sendo za ngozi za kiume, katoni kama sitini, nimezipanga chumbani ukutani kwa sababu sikutaka kulipa stoo. Nikaona jasho. Akili ya Kariakoo ikaniambia chumba hakina hewa, nikafungua madirisha yote mawili na feni nikawasha. Mama mwenye nyumba alipita kwenye korido akaingia bila hodi, akayafunga kwa kishindo huku ananigombeza Kikantoni. Sikuelewa hata neno moja. Alipotoka nikayafungua tena.

Siku ya kumi nilifungua katoni ya kwanza. Sendo nyeusi zilikuwa kijani, na manyoya mafupi kama ya panya mchanga. Nilifuta kwa siki, nilifuta kwa mafuta ya taa, harufu haikutoka. Niliuza kwa bei ya kutupa kwa jamaa aliyekuwa anapeleka kwingine, na mpaka leo siko tayari kusema alipeleka wapi.

Kwa hiyo siku hizo funga madirisha, hasa ya upande wa kusini. Kiyoyozi kiweke kwenye alama ya kukausha, ile ya tone la maji. Mzigo usiguse ukuta wala sakafu, weka mbao chini. Na vile vipakti vyeupe vya kunyonya unyevu usiwaachie kiwandani wakuwekee kimoja, dai viwili kila boksi na uhesabu mwenyewe.

#5 Mzee wa Forodhani

Kijana umenifurahisha hapo kwenye kusi kurudi. Neno lenyewe msimu ni la Kiarabu, mawsim, na Wazungu wakalichukua hilo hilo wakaziita pepo hizi. Sisi na Wachina tunakula sahani moja, ila wao ubavu wa pili. Kwetu Unguja kaskazi inavuma toka Disemba mpaka Machi, kusi inashika Aprili kwenda mbele. Tofauti ni kuwa mvua yetu kubwa, masika, inanyesha pepo zikipokezana. Kusi yenyewe ikishakomaa Juni na Julai haina mvua ya maana. Kwao naona mvua imo ndani ya kusi yenyewe, ndipo inapokuwa haina mwisho.

Na vimbunga msidhani hatuvijui. Aprili 1872 kiliingia Unguja kikang'oa mikarafuu karibu yote, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Lindi kilipiga 1952, mwezi wa nne vilevile.

#6 Robota

Shikamoo mzee. Hilo la mvua kuwa ndani ya kusi nimeishi miaka tisa sikuwahi kulisema vizuri hivyo.

#7 Mjuaji

Mnakuza mambo. Nchi inajenga treni ya kilomita 300 kwa saa halafu ishindwe na mvua? Mitaro yao si kama ya Jangwani.

#8 Robota

Nilikuwa nakusubiri, mkuu. Chukua karatasi.

Mvua ikiambiwa milimita 1 maana yake ni lita 1 kwenye kila mita moja ya mraba. Tarehe 7 Septemba 2023, Hong Kong, kati ya saa 5 na saa 6 usiku, makao ya idara yao ya hali ya hewa yalipima milimita 158.1. Saa moja tu. Ni rekodi tangu waanze kupima 1884. Sasa gawa: lita 158 ni karibu ndoo nane za lita ishirini. Simama kwenye sakafu ya mita moja kwa moja, mtu akumwagie ndoo nane ndani ya saa moja, na jirani yako naye nane, na mtaa mzima hivyo hivyo, na milima iliyo nyuma yenu nayo iteremshe zake. Mtaro gani?

Na hiyo si kubwa. Alfajiri ya tarehe 7 Mei 2017, wilaya ya Zengcheng, mashariki mwa Guangzhou, ilipimwa milimita 184.4 kwa saa. Ndoo tisa na zaidi.

Hiyo ya pili siijui kwa kusoma. Nilikuwa na jinzi pale.

#9 Chapa Mguu

Eeeh. Xintang?

#10 Robota

Xintang. Wanaofuata jinzi wanapajua, ni mji uliomo humo humo Zengcheng, na kila uchochoro una cherehani. Nilikuwa na marobota ya jinzi za wanaume, rangi ile nzito ya buluu isiyofuliwa, yamewekwa kwenye godauni la wakala mmoja, chini kabisa, kwa sababu ghorofa ya chini ni rahisi kupakia. Jina lake silitaji na halisaidii. Ilikuwa Jumamosi, kontena lilikuwa lije Jumatatu.

Jumamosi jioni niliangalia utabiri kwenye simu. Mvua ya kawaida na radi. Hakuna aliyeniambia nihamishe kitu, na sisemi hivi kumlaumu mtabiri. Baadaye wataalamu wao walieleza hadharani kwamba mvua ya aina ile ni ngumu kuitabiri: hakuna baridi inayosukuma kutoka kaskazini ambayo ungeiona kwenye ramani siku mbili kabla. Ni hewa ya bahari tu, ya moto, inapanda, inagonga vilima vya kaskazini mwa jiji, wingu moja linajifungua lingine mahali pale pale. Lilianza Huadu usiku wa manane, likahamia Huangpu, alfajiri likakaa juu ya Zengcheng.

Nilifika saa tano asubuhi, njia nyingi zilikuwa zimefungwa, nusu nilitembea. Maji mtaani yalikuwa magotini yanaanza kupungua. Mlango wa godauni ulikuwa wazi na maji yanatoka, na maji yale yalikuwa ya buluu. Buluu ya wino. Ile rangi ya jinzi ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu inaelekea mtaroni. Safu mbili za chini zote zimelowa, na robota la jinzi likinywa maji watu wawili hawalinyanyui. Nilitaka kuingia, mlinzi akanikamata mkono akanionyesha soketi iliyokuwa imezama na waya unaning'inia. Mpaka leo namwombea heri mzee yule, maana nilikuwa naingia.

Wakala akaniambia bima yake inaanza mzigo ukishaingia kwenye kontena. Nikasoma mkataba, kweli imeandikwa hivyo.

#11 mama Kandambili

Pole sana kaka. Kwa hiyo bima nidai ya kuanzia stoo?

#12 Robota

Ndiyo. Uliza neno moja tu: mzigo ukiwa godauni kabla ya kupakiwa, ukilowa, nani analipa? Akianza kuzunguka, hamia ghorofa ya pili ya jengo lingine. Na lile eneo halijabadilika tabia. Tarehe 22 Mei 2020 likapata tena, mpaka njia ya 13 ya metro ikaingia maji ikasimamishwa. Siku chache tu baada ya mwaka wa tatu kutimia.

#13 Pwani ya Kilindini

Boss, mimi ni wa Mombasa lakini nilikuwa Shenzhen Septemba 2025 kimbunga Ragasa kilipokuja. Sitakubali useme kimbunga ni kitu kidogo. Shule zimefungwa, viwanda vimefungwa, ndege hakuna, supamaketi mkate umeisha siku mbili kabla. Kikashuka nchi kavu Yangjiang, si kwetu, na bado madirisha yalikuwa yanalia usiku mzima. Huko Taiwan, ziwa lililozibwa na maporomoko kule Hualien lilifurika likaua watu.

#14 Robota

Sijasema ni kidogo ndugu yangu. Nasema kinapiga hodi. Wewe mwenyewe umesema mkate uliisha siku mbili kabla.

Nikupe changu. Kimbunga Mangkhut, Jumapili tarehe 16 Septemba 2018. Kuanzia Alhamisi kila mwenye WeChat alikuwa anatumiwa ramani yenye lile duara. Kimeshapita Ufilipino na kuua watu kwa maporomoko. Guangdong, mkoa wenye Guangzhou na Shenzhen, walihamisha watu zaidi ya milioni mbili. Macau walifunga kasino zote, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nani anafunga kasino kwa mchezo?

Mimi niliishi kwenye zile nyumba za vijiji vilivyomezwa na jiji, wanaziita nyumba za kupeana mikono, kwa sababu ukitoa mkono dirishani unamsalimia jirani wa jengo la pili. Upepo ukiingia kwenye nafasi ile unapiga mluzi kama mtu anapuliza chupa. Tulibandika selotepu kwenye vioo, tukaingiza nguo na vyungu vya maua ndani, tukapika wali mwingi mchana. Usiku kiyoyozi cha jirani kilining'inia kwa bomba moja kikawa kinagonga ukuta mpaka saa nane. Asubuhi miti barabarani imelala, na mzigo wangu ghorofa ya nne mkavu kabisa, kwa sababu nilikuwa na siku tatu za kuupandisha.

Hasara yangu ya Mangkhut ilikuwa usingizi, na meli kuchelewa. Bandari za Nansha na Yantian zikifungwa, meli zinakimbilia baharini, zikirudi zinapanga foleni. Mteja akikuuliza kwa nini, mtumie picha ya lile duara.

Hata vimbunga vyenyewe, angalia vinachoulia. Hato, Agosti 2017, Macau walikufa watu 10, na baadhi yao walizama kwenye maegesho ya magari ya chini ya ardhi. Maji tena.

#15 Chapa Mguu

Haya majina Mangkhut, Ragasa, nani anayaweka?

#16 Robota

Nchi na maeneo 14 ya ukanda ule yalitoa orodha, yanatumika kwa zamu. Mangkhut ni tunda, kwa Kithai. Hato ni njiwa, kwa Kijapani. Kikiharibu sana jina linastaafishwa, na Mangkhut lilistaafishwa.

#17 Mzee wa Forodhani

Njiwa aliyeua watu kumi.

#18 Pwani ya Kilindini

Na zile rangi na namba? Hong Kong ni namba, ukivuka Shenzhen ni rangi. Nilichanganyikiwa.

#19 Robota

Hong Kong kimbunga ni namba 1, 3, 8, 9 na 10. Usitafute 5, 6 na 7, mwaka 1973 ziliondolewa, badala yake wakaigawa 8 kwa pande nne za upepo. Ikipandishwa 8, ofisi na shule zinafungwa, rudi hotelini. Mvua yao ni rangi: njano ni milimita 30 kwa saa, nyekundu 50, nyeusi 70. Ile siku ya 158 ilipita nyeusi mara mbili na zaidi.

Guangdong kimbunga ni nyeupe, buluu, njano, chungwa, nyekundu. Mvua ni njano, chungwa, nyekundu. Kimbunga kikifika njano shule zinafungwa, mvua mpaka nyekundu. Jambo la kukumbuka ni kwamba rangi za mvua zinapanda haraka. Nimewahi kuona njano ikawa nyekundu kabla sijamaliza bakuli la supu.

#20 Mwanachuo wa Chongqing

Habari za leo wakubwa. Niongeze la huku bara, maana mnaongea kama China ni Guangzhou tu. Sisi tuko kwenye bonde la Yangtze, monsuni, yaani hizo pepo za msimu, ni hiyo hiyo ila inatufikia baadaye. Juni na Julai, sehemu za kati na za chini za bonde, kuna meiyu, mvua za plamu, kwa sababu zinakuja matunda hayo yakiiva. Mvua isiyokoma, mwaka 2020 ilikaa siku 62.

Halafu kuna mwaka mvua inakataa. Agosti 2022 nilikuwa hapa. Wilaya ya Beibei ilifika nyuzi joto 45. Mto Yangtze ulishuka mpaka sanamu za Budha zilizochongwa kwenye mwamba zamani zikatokeza katikati ya mto. Jirani zetu Sichuan umeme wao mwingi ni wa maji, mabwawa yakapungua huku kila nyumba imewasha kiyoyozi, serikali ikazima viwanda. Mgao, wakubwa, mgao kamili! Tuliokulia bongo tulikuwa watulivu kuliko wenyeji, tunajua kuchaji simu umeme ukiwepo.

#21 Robota

Ahsante mdogo wangu. Hili wafanyabiashara tulisahau: uliagiza vipuri Chengdu mwezi ule, ulisubiri.

#22 Mjuaji

Sawa nimekubali hesabu ya ndoo. Lakini dunia imekuwa hivi tangu Nuhu. Hayo ya tabianchi ni biashara ya makongamano.

#23 Robota

Mafuriko yapo tangu Nuhu, hatubishani. Lakini hewa ikipanda joto nyuzi moja inabeba mvuke kama asilimia 7 zaidi. Hiyo ni fizikia ya sufuria, haina kongamano. Wingu lile lile lililosimama juu ya Zengcheng, likibeba zaidi, litamwaga zaidi pale pale. Wewe uza bati, mimi nauza jinzi, wote tunalipa kwenye bei.

#24 Mwanachuo wa Chongqing

Na msisahau tarehe 27 Aprili 2024, wilaya ya Baiyun, humo humo Guangzhou. Kimbunga kile kidogo cha mkonga, si cha baharini. Dakika chache tu, watu 5 walikufa, 33 wakaumia, na mvua ya mawe juu yake.

#25 Robota

Nilikuwa nimesharudi Dar. Rafiki yangu alikuwa mjini kwa ajili ya maonesho, akanitumia video ya mawe ya barafu yanapiga kofia za pikipiki zilizoegeshwa. Siku nne baadaye, usiku wa kuamkia sikukuu ya Mei Mosi, barabara kuu kule Meizhou, mkoa huo huo wa Guangdong, ikameguka kwa sababu ya mvua za wiki zile, magari yakaingia shimoni moja baada ya jingine, watu zaidi ya 40 wakafa. Hakukuwa na kimbunga cha baharini mwezi ule. Ilikuwa ni Aprili tu.

Mama Kandambili, jambo la mwisho nililokuwa nimelisahau. Kontena nalo linatoka jasho. Ukipakia katoni siku ya mvua, ule unyevu umeufungia ndani. Baharini mchana bati linachemka, usiku linapoa, unyevu unageuka matone darini na kudondoka juu ya mzigo wako wiki tatu mfululizo. Ukifungua Dar utadhani kontena lilitoboka. Pakia siku kavu hata kama wakala ananuna, weka mifuko mikubwa ya kunyonya unyevu ya kuning'iniza, na juu ya katoni tandika karatasi nene.

#26 mama Kandambili

Nimeandika yote kwenye daftari. Mungu akubariki.

#27 mama Kandambili

Wapendwa nimefika, leo siku ya nne. Ukuta haujatoka jasho lakini jana mvua imepiga chungwa, nikakaa soko la viatu masaa matatu na kandambili zangu, wenzangu wamebeba viatu mkononi. Stoo nimepata ghorofa ya tatu. Kaka Robota, lifti yao mbovu, na kijana wa kupandisha katoni anataka yuan tano kwa kila katoni. Nina katoni 110. Hii ni bei kweli?

#28 Robota

Ameona sura mpya. Mwambie mbili, aondoke kwanza, atarudi. Akifika tatu mpe, na usimwache azilaze kwenye ngazi wakati anapumzika, ngazi ndiyo inalowa kwanza.